Kovu la Begani na Kibofu cha Baba

Mara ya kwanza kutamka neno "mkojo" mbele ya baba yangu nilikuwa na miaka 26, na daktari wa Kiingereza alikuwa ananisubiri nitafsiri. Mliolelewa kwenye nyumba kama yetu mnaijua hali hiyo. Baba akaangalia dirishani, mimi nikaangalia viatu. "Baba, anauliza damu kwenye mkojo imeanza lini." Akajibu kwa sauti ndogo: "Tangu Mfunguo Tatu."

Miezi minne! Hata mama hakujua.

Garini nilikuwa na hasira, lakini akanieleza kitu ambacho sikukifikiria. Baba kakulia Pemba, karibu na mabonde ya mpunga. Utotoni mwao, mvulana aliyeoga mtoni alikojoa damu, basi. Kichocho. Hawakuumwa sana, na nani angekwenda hospitali kwa jambo ambalo wenzake wote wanalo? Kwa hiyo alipoona wekundu chooni huku Uingereza, miaka hamsini baadaye, alidhani ni mambo yale yale ya zamani yamerudi.

Na kumbe hakuwa mbali sana. Minyoo ya kichocho huishi kwanza ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na kibofu kikiwashwa hivyo kwa miaka mingi, seli zake zinaweza kugeuka saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka minyoo hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Siku hizi watoto wa Unguja na Pemba hupewa vidonge vya prazikwanteli, na dozi hupimwa kwa urefu wa mtoto, kwa fito tu, bila mizani.

Ila daktari hakumlaumu konokono. Aina aliyo nayo baba si ile inayoletwa zaidi na kichocho. Ni ile ya kawaida ya nchi hizi, na mkosaji mkubwa wa hiyo ni sigara. Baba alivuta miaka thelathini. Hapo nilitafsiri polepole sana.

Wakamwingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo, wakakwangua uvimbe. Bahati yake ulikuwa haujafika kwenye msuli wa kibofu. Halafu daktari akataja dawa itakayofuata: BCG. Nikadhani nimesikia vibaya. Si ndiyo chanjo ya kifua kikuu? Ile ya kovu la begani?

Ndiyo hiyo hiyo. Calmette na Guérin, Wafaransa wawili wa Taasisi ya Pasteur pale Lille, walikuza bakteria wa kifua kikuu wa ng'ombe kwa miaka 13 mpaka wakapoa ukali, na mwaka 1921 mtoto wa kwanza akapewa. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales, huko Kingston, Kanada, akachapisha matokeo ya wagonjwa tisa aliowamiminia BCG moja kwa moja kwenye kibofu. Marekani iliidhinisha mwaka 1990. Bakteria hao dhaifu wakishika ukuta wa kibofu, kinga ya mwili hukurupuka, na ikishaamka huzishambulia na seli za saratani. (Kovu mimi ninalo, mkono wa kushoto. Baba pia analo, ingawa wazee wengine lao ni la ndui, msije mkabishana nao.)

Matibabu yenyewe hayana fahari. Mara moja kwa wiki, wiki sita. Wanapitisha mpira wa mkojo, wanamimina dawa, unaibana kwa saa mbili. Kisha kwa saa sita kila ukienda chooni unamwaga jiki kabla ya kuvuta maji, kwa sababu bakteria wale ni hai. Mama alinunua madumu manne ya jiki siku ya kwanza. Nyumba nzima ilinuka kama bwawa la kuogelea.

Kwa waliochelewa zaidi, saratani ikishasambaa, miaka mingi tegemeo lilikuwa kemo yenye sisplatini. Oktoba 2023, kwenye mkutano wa madaktari Madrid, yalitolewa matokeo ya wagonjwa 886. Nusu walipewa kemo, nusu mchanganyiko wa enfotumabu vedotini, inayobeba sumu mpaka kwenye seli ya saratani yenyewe, na pembrolizumabu, inayoifungulia kinga breki. Kwa kemo, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 16. Kwa mchanganyiko ule, miezi 31. Nilimsomea baba namba hizo. Akasema, "Bora kuwahi, mwanangu," akaendelea na chai yake.

Kamera ya mwisho ilikuta kibofu kisafi. Ataangaliwa tena baada ya miezi mitatu, maana saratani hii ina tabia ya kurudi.

Wiki iliyopita alimpigia ami, mdogo wake, yuko Wete. Nilisikia kupitia spika. Ami alikuwa anacheka: "Kaka, damu hiyo hata mimi naiona mara mojamoja, si kichocho tu?" Baba akazima spika, akaingia chumbani na simu, akafunga mlango. Alikaa humo karibu saa nzima. Jumatatu ami kapeleka mkojo maabara, tunasubiri majibu.