Tuwalinde Wanyonge (3): Kabla ya Panga

Wiki jana tuliwazungumzia watoto. Leo ni zamu ya wazee, na tuanzie Kilifi, ambako wapo wanaume wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze. Huko mzee akisingiziwa uchawi, roho yake iko mashakani. Mimi hutazama shamba kwanza: mara nyingi anayelalamika kwamba babu karoga mtoto ndiye anayengoja ardhi igawanywe.

Panga haliji ghafla. Hutanguliwa na maneno ya mangweni na matangani, kisha mzee hutengwa. Chakula chake huchelewa au hakiletwi kabisa, wajukuu hukatazwa kuingia chumbani mwake, na akiugua hapelekwi zahanati. Tazama na fedha. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee aliyesajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukimkuta hana hata sabuni, muulize kwa upole nani humchukulia pesa hizo. Muulize akiwa peke yake. Mbele ya mwanawe atasema hajambo, maana usiku watalala boma moja.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, inaweza kumfunga hadi miaka mitano anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa amepeleka madai hayo kwa chifu, polisi au ofisa mwingine wa serikali. Basi jirani hana sababu ya kungoja damu: tuhuma iliyotangazwa matangani tayari ni kosa.

Ukienda kuripoti, eleza ulichokiona: siku gani, nani alisema nini. Polisi hawana la kufanya na "nadhani wanamtesa." Dai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Chifu akiwa jamaa ya wanaotuhumu, jambo la kawaida vijijini, nenda polisi moja kwa moja au piga namba ya msaada 1195, bila malipo. Usianze kwa kuwagombeza wana wa mzee. Ukishaondoka, hasira zao zitamwishia yeye.

Aliye hatarini kabisa hukimbilia Kaya Godoma, Ganze, kwenye hifadhi ya wazee. Hapo huokoka, ila shamba hubaki mikononi mwa waliomtuhumu, na ndilo walilolitaka. Anayemsaidia kuhama amfikishe pia kwa msajili wa ardhi.

Itaendelea