Kung'oa Matangazo Sugu Katika Kompyuta
Mkulima wa Iringa hakati magugu juu juu. Huyang'oa na mizizi. Matangazo yanayochomoza kwenye kompyuta ya nyumbani hayakomi kwa kufungwa moja moja, kwani mara nyingi mzizi wake ni programu iliyojipenyeza pamoja na nyingine ya bure.

Hatari yake si kero tu. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Superfish, programu ya matangazo iliyowekwa katika baadhi ya kompyuta za Lenovo, ilidhoofisha ulinzi wa mawasiliano ya siri, hata nywila ziweze kuibwa. Ilipofutwa, cheti chake kilibaki.

Basi mwenye kompyuta achunguze na kufuta programu asiyoiweka, aondoe viongezo vigeni vya kivinjari, azime arifa za tovuti asizozijua, kisha aikague kompyuta kwa programu ya kinga.