KILO HAZISHUKI? USITUPE DAWA YAKO

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Siku ya kupimwa mwili imefika. Unavua viatu, unapanda juu ya mizani. Tangu mwaka jana umekunywa kinini zote ulizoandikiwa. Umepunguza fufu. Umeacha kupanda toleka, unatembea kwa miguu mpaka Makiso. Mwaka jana ulikuwa na kilo 99. Leo mizani inasema 98.

Kilo moja tu! Jirani anakucheka: "Wewe unakula kwa siri." Nawe unajiambia moyoni: "Basi dawa hizi ni bure, na kutembea ni bure." Unafika nyumbani, unaweka kinini juu ya kabati, huzigusi tena.

Ndugu, hapo ndipo hatari inapoanza. Kinini za tansio hukupewa kwa kupunguza kilo. Ulipewa kwa kulinda moyo, figo na ubongo wako. Kinini za sukari ni vilevile. Hata kama mizani haisogei, zinafanya kazi yake ndani. Tansio haina maumivu. Mtu anaacha dawa, anajisikia mzima, anaenda kazini, na siku moja anaanguka, mkono na mguu wa upande mmoja umepooza. Kwa hiyo, kabla ya kutupa kitu chochote, soma kwanza kwa nini kilo ni ngumu kushuka.

MWILI NI MTUNZA DEPO

Unamjua mtunza depo. Vitu vikiingia vichache, yeye hatoi tena kama zamani. Anafunga mlango nusu, anapima kila kitu, na anapiga simu kila saa kuomba vitu vingine. Mwili wako unafanya hivyo hivyo. Unapopunguza chakula, mwili unadhani njaa imeingia kijijini. Unapunguza matumizi ya nguvu, na unakuletea njaa kali kuliko ya zamani.

Jambo hili limepimwa. Katika miaka ya 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini moyo ulianza kupiga polepole, walisikia baridi, na usiku na mchana waliwaza chakula tu. Hawakuwa wavivu wala walafi. Ni mwili uliokuwa ukijilinda.

Mwaka 2016, wataalamu walipima watu 14 waliokuwa wamepungua sana katika mashindano ya televisheni ya Marekani. Miaka sita ilikuwa imepita. Wengi wao walikuwa wamerudisha kilo nyingi. Na miili yao ilikuwa bado inatumia kalori karibu 500 chini ya zile zilizotazamiwa kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu ya chakula. Chupa kubwa moja ya bia ina kama 300. Kwa hiyo mtu aliyepungua anaweza kula sawa na jirani yake, na yeye peke yake akanenepa. Usimcheke.

KUTEMBEA NI KUZURI, LAKINI KUNA MPAKA

Wengi wanafikiri hivi: "Nikitoka jasho sana, mafuta yatayeyuka." Jasho ni maji. Ukinywa maji, kilo inarudi.

Huko Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza. Ni watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume wao hutembea kama kilometa 11 kwa siku. Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu wanayotumia, wakatoa matokeo mwaka 2012. Wengi walishangaa. Ukilinganisha watu wenye mwili wa ukubwa mmoja, Wahadza hawakutumia kalori nyingi kwa siku kuliko watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa sana kwenye viti. Mwili unapofanya kazi nyingi upande mmoja, unabana matumizi upande mwingine.

Je, tuache kutembea? Hapana! Kutembea kunasaidia tansio na sukari kushuka, kunatia moyo nguvu, kunaleta usingizi mzuri, na kunamsaidia mtu aliyepungua asirudi nyuma. Tembea kwa ajili ya moyo wako. Usitembee kwa kuifurahisha mizani.

TAFUTA ADUI ALIYEJIFICHA

Ikiwa umejitahidi kweli na kilo hazishuki, tafuta pamoja na munganga mambo haya:

Dawa zenyewe. Dawa nyingine zinanenepesha. Deksametazoni na prednisoloni ni za kwanza. Watu wengine hununua kinini hizi kwa maumivu ya mgongo bila kuandikiwa. Siproheptadini inaleta hamu ya kula. Katika Kongo yetu, na zaidi Kinshasa, kuna wanawake vijana wanaokunywa deksametazoni na siproheptadini kusudi wanenepe. Mama, sema ukweli kwa binti yako: deksametazoni inapandisha tansio na sukari. Insulini, glibenklamidi, dawa nyingine za kifafa na za ugonjwa wa akili, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza pia kuongeza kilo. Lakini angalia: usiache dawa peke yako. Aliyekunywa deksametazoni siku nyingi akiiacha mara moja anaweza kuzimia. Peleka kinini zako zote kwa munganga, hata zile za sokoni, azitazame.

Vinywaji. Unapunguza fufu, lakini chupa ya soda au ya bia huihesabu? Tumbo halishibi kwa vinywaji hivi, lakini mwili unaweka akiba.

Mafuta. Sombe ni chakula kizuri sana. Lakini kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina kama kalori 120. Mimina vitano ndani ya sahani yako, umekwisha kula chakula kingine kizima.

Tezi ya shingo. Ikiwa unachoka, unasikia baridi, choo ni kigumu, ngozi inakauka na kilo zinapanda, omba munganga aitazame.

WEWE DEREVA, SOMA HAPA

Jambo hili ni la usalama, si la afya peke yake. Mtu mnene anayekoroma sana anaweza kusimama kupumua usiku, mara nyingi, bila kujua. Bibi yake ndiye anayesikia: anakoroma, ananyamaza, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi anaamka na kichwa kizito. Mchana anasinzia.

Ukiwa ofisini na ukasinzia, kalamu inaanguka. Ukiwa juu ya kamyo ya mawe au ndani ya mashine ya kuchimba, ndugu zako wanakufa. Tena usingizi mbaya unaongeza njaa, na kazi ya usiku inazidisha taabu. Kwa hiyo bibi, ukisikia kukoroma kwa namna hiyo, mwambie mume wako. Na wewe mume, mwambie kapita na uende dispensari. Kusema si aibu. Aibu ni kunyamaza mpaka ajali itokee.

SINDANO MPYA NA DAWA ZA SOKONI

Umesikia habari za sindano mpya ya semaglutidi. Ni kweli inasaidia. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2021, watu walipungua kama 15 kwa mia ya uzito wao katika wiki 68. Lakini walioiacha walirudisha, ndani ya mwaka mmoja, sehemu mbili kwa tatu za kilo walizopoteza. Unaona? Mtunza depo halali. Na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya juu ya sindano za bandia za namna hiyo. Usinunue kwa mtu wa njiani. Na dawa za kuharisha, zinatoa maji na chumvi, hazitoi mafuta.

KILO CHACHE ZINATOSHA

Sasa habari njema. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya kazi kubwa ya Marekani. Watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walifuatwa karibu miaka mitatu. Sehemu moja walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Walipungua kilo ngapi? Kilo 5 na nusu hivi tu. Lakini ugonjwa wa sukari ulipungua kwao kwa 58 kwa mia, kuliko wale ambao hawakusaidiwa hivyo.

Kwa hiyo wewe wa kilo 99, usiwaze kuwa na kilo 70 kama siku ya arusi yako. Kilo 5 ni ushindi. Na hata kilo moja, ikiwa tansio yako imetoka 16 kwa 10 ikafika 13 kwa 8, wewe umeshinda! Tansio hiyo ndiyo inayokupa siku za kuona wajukuu.

FANYA HIVI

1. Endelea na dawa yako ya tansio au ya sukari. Ukiona taabu, rudi kwa munganga, usiamue peke yako.

2. Pima kiuno kwa kamba ya fundi nguo. Kwa mwanaume isipite sentimeta 94, kwa mwanamke 80. Kiuno kinaweza kupungua hata mizani ikinyamaza.

3. Jaza nusu ya sahani kwa sombe, lengalenga na mboga nyingine. Robo iwe samaki au madesu. Robo iwe fufu, lituma au wali.

4. Kunywa maji. Bia na soda ziwe za sikukuu.

5. Tembea dakika 30, siku tano kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali. Shuka toleka mbele ya kufika.

6. Ukitoka kazi ya usiku, lala kwanza. Watoto wanyamaze, mapazia yafungwe.

7. Nyumba nzima ile chakula kimoja. Usimpikie baba sahani ya mgonjwa peke yake.

Neno la mwisho ni kwa majirani. Kwetu mtu akinenepa tunasema ana mali, akikonda tunasema ana ugonjwa, na akijaribu kupungua asiweze tunamcheka. Hivyo atashika njia gani? Mtu anayepigana na mwili wake mwenyewe anafanya kazi ngumu, na hakuna anayemlipa. Mpe maji badala ya bia. Tembea naye mpaka daraja la Tshopo, kisha mrudi pamoja.

Nawe, ndugu, leo jioni rudi kwa kabati. Chukua kinini zako. Kesho asubuhi uende dispensari, ukapimwe tansio.