Karatasi ya Karanga na Dole Gumba: Simu na Faragha Mpakani (Sehemu ya Pili)

Basi likisimama Nyakanazi, wilayani Biharamulo, wachuuzi hulizunguka kabla dereva hajazima injini. Mwezi uliopita nilinunua karanga za kukaanga kupitia dirishani, zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Karanga zilipokwisha, nikaikunjua karatasi ili niikung'ute chumvi. Ilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: safu ya tarehe, safu ya jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Majina yalikuwa kumi na moja. Kumi walikuwa wameweka sahihi zao. Wa kumi na moja alikuwa amegonga dole gumba kwa wino wa bluu, mistari ya ngozi yake ikionekana vizuri kabisa.

Ukurasa ule ulichanwa kwenye daftari la wakala wa fedha za simu. Daftari lilijaa, wakala akanunua jipya, la zamani likauzwa kwa kilo pamoja na magazeti ya zamani.

Kwa dakika mbili nikawa nimewajua watu kumi na moja ambao hawanijui. Namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ina tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa kwa mwenye namba. Kwa hiyo sikujua majina na simu zao tu. Nilijua umri wa kila mmoja, nikajua nani alitoa pesa kidogo kidogo mara tatu kwa wiki, na nani alitoa nyingi kwa mkupuo mmoja. Sitasema zaidi ya hapo, maana kuyaandika hapa ni kuwafungia watu wale karanga mara ya pili. Karatasi nimeichoma.

Wiki iliyopita nilieleza mema ya simu, na siyafuti. Kabla huduma ya M-Pesa haijaanza nchini mwaka 2008, mzazi wa Rulenge aliyemsomesha mtoto Mwanza alitia ada kwenye bahasha, akamkabidhi kondakta wa basi, akabaki anamwomba Mungu. Leo ada hufika kabla mzazi hajatoka kibandani kwa wakala. Makala ya leo inahusu kile tulichotoa ili kuipata huduma hiyo.

Nianze na neno lenyewe. Wengi wakisikia "faragha" hudhani ni kificho cha mwenye makosa: kama huna baya, unaficha nini? Hoja hiyo nimeisikia vijiweni, nimeisikia hata ofisini, nayo ni mbovu. Kwetu mgeni hupiga hodi, na hapigi kwa sababu mwenye nyumba ni mwizi. Hupiga kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Akikaribishwa huketi na kueleza shida iliyomleta. Shida ikiisha huaga akaondoka, hahamishii mkeka wake pale. Mwenye nyumba anaweza kuwa mtu safi kuliko wote kijijini, na bado atakukasirikia ukimwingilia chumbani. Taarifa za mtu ni nyumba yake kwa namna hiyo hiyo. Mzee wa huku akiulizwa ana ng'ombe wangapi hukohoa tu na kubadilisha mazungumzo. Mzee huyo huyo leo humtajia kijana asiyemfahamu jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya kitambulisho, kisha anampa vidole, kwa sababu kijana ana mashine mkononi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba mwaka huo. Siku chache kabla ya hapo, Rais John Magufuli alisajili laini yake akiwa Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo yetu mwaka 2005, akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Wengi tunazikumbuka foleni za siku zile. Tangu wakati huo kidole kimefungamana na laini, na laini imefungamana na karibu kila kitu kingine: akiba ya kikundi, malipo ya mazao, ujumbe wa mbolea ya ruzuku. Asiye na namba ya NIDA hana laini yake mwenyewe. Hutumia ya mtoto au ya jirani, na siri zake huhamia kwa huyo.

Nilishuhudia bibi mmoja akisajili laini chini ya mwavuli wa wakala, mjini Biharamulo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Weka dole gumba hapa. Hakisomi, bibi. Futa kidogo, weka tena. Jaribu cha kati."

"Hivi vimeisha na jembe, mjukuu wangu."

Alijaribu vidole sita. Cha saba kilikubali. Mashine hupeleka alama ya kidole kwenye kanzidata ya NIDA ili ilinganishwe na ile aliyoiacha mwenyewe siku ya kujiandikisha. Ngozi iliyosuguliwa na mpini kwa miaka hamsini haina mistari iliyo wazi kama ya karani. Mtaalamu aliyeibuni mashine hakumfikiria bibi huyu.

Kijana yule alikuwa mwaminifu, nilimwona kwa macho yangu. Lakini hapo hapo kwenye "weka tena" ndipo wasio waaminifu wanapopitia. Mteja huambiwa kidole hakikusoma, kumbe kimesoma. Akirudia kukiweka, mara ya pili inasajili laini nyingine ambayo hataiona kamwe. Laini hiyo huuzwa, na mnunuzi wake huitumia kutuma ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameupokea, unaokuagiza ile hela uitume kwenye namba hii. Polisi wakimfuatilia mwenye laini, watamkuta bibi na jembe lake.

Na wengi wamejiuliza kwa nini ujumbe ule bado unanasa watu. Wanaonaswa si wajinga. Katika nchi ambayo kila siku maelfu kwa maelfu ya watu wanasubiri kuelekezwa namba ya kutuma ada, nauli au mchango wa msiba, ujumbe mmoja uliorushwa ovyo lazima utamwangukia mtu aliyekuwa anausubiri kweli. Tapeli halazimiki kumjua mtu. Anachezea utiifu wetu kwa ndugu, na huo ndio wema wetu mkubwa.

Mimi mwenyewe nilipopiga *106# nilikuta laini nne kwa jina langu. Mbili nazijua. Nilikwenda kwenye kampuni husika mara mbili, na mbili nyingine zikafungwa. Nani alizitumia na kwa kazi gani, hakuna aliyeweza kunieleza.

Kwetu mpakani jambo hili lina uzito ambao mtu wa Dodoma au Tanga huenda asiuhisi. Mhangaza wa Ngara akizungumza lugha ya mama yake anaelewana na Mrundi wa ng'ambo bila mkalimani. Afisa aliyehamishiwa huku kutoka mbali husikia lugha hiyo akaanza kuuliza maswali ya babu na bibi. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji haramu, na hofu yake haijaisha vijijini. Dola ina haki ya kujua nani ni raia wake, sipingi hilo. Ninachosema ni kwamba kitambulisho kilipofanywa ufunguo wa simu, na simu ikafanywa ufunguo wa pesa, shaka ya afisa mmoja juu ya lafudhi ya mtu huweza kumfungia milango yote kwa pamoja. Wanubi wa Kenya, waliozoea kuhojiwa asili yao kila wanapoomba kitambulisho, waliliona hilo mapema. Shirika lao la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliopeleka mpango wa kitambulisho wa Huduma Namba Mahakama Kuu ya Nairobi, na Januari 2020 mahakama ikaamua kwamba mpango huo usiendelee mpaka sheria na kanuni za kuulinda zikamilike.

Nasi tuna ushahidi wa karibu zaidi, hapo Rusumo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Waliokuwa wilayani siku zile wanalikumbuka vumbi la barabara ile, na wanazikumbuka maiti zilizochukuliwa na mto Kagera hadi Ziwa Viktoria. Mauaji hayo yalisaidiwa na kadi. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karani aliyejaza kadi zile alikuwa anahesabu na kupanga watu ili watawaliwe kwa urahisi. Mwaka 1994 ungekuja miaka sitini baadaye, na karani yule asingeweza kuuona. Ulipofika, kadi zilikuwa bado zipo mifukoni, na kwenye vizuizi vya barabarani neno moja lililoandikwa juu yake lilitosha kumtoa mtu uhai. Redio ya RTLM nayo ilitangaza majina ya watu na namba za magari yao ili wasakwe. Baada ya mauaji hayo ya kimbari, Rwanda ililiondoa kabila kwenye kitambulisho.

Uholanzi iliyapitia kama hayo. Rejista zake za wakazi ziliandikwa kwa ustadi, dini ya kila mtu ikiwemo, na Wanazi walipoiteka nchi wakazikuta tayari. Tarehe 27 Machi 1943 wapinzani waliovaa sare za polisi waliivamia ofisi ya rejista jijini Amsterdam wakaichoma. Walichelewa. Wayahudi wengi walikuwa wameshasombwa.

Siandiki haya kumtisha mtu kwamba NIDA ni kadi ya Rwanda. Kitambulisho chetu hakina kabila, na hilo ni jambo jema. Naandika kwa sababu taarifa huishi kuliko nia ya aliyezikusanya. Anayekusanya leo kwa wema hawezi kuahidi kwa niaba ya atakayelikuta kabati kesho. Kwa hiyo ulinzi hauwezi kuachiwa moyo wa mtu, lazima uwe sheria.

Sheria hiyo sasa tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 ilikwisha kutupa hifadhi ya maisha binafsi na mawasiliano, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Ukiisoma sheria hiyo utakuta adabu ile ile ya hodi. Anayechukua taarifa zako akueleze anazitakia nini. Asizitumie kwa jambo lingine. Asikae nazo baada ya kazi kwisha. Azilinde zisivuje. Nawe una haki ya kuziona, kuzisahihisha na kulalamika mbele ya Tume. Ni sheria nzuri, ila huku kwetu bado iko kwenye makaratasi. Katika mawakala saba niliowauliza kati ya Nyakanazi na Biharamulo mjini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia, na sikuwalaumu, kwa maana hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Niguse kidogo mikopo ya mtandaoni, ingawa inastahili makala yake. Programu nyingi za mikopo hiyo, ukiziingiza kwenye simu, huomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyoyahifadhi. Mkopaji mwenye mtoto mgonjwa hubonyeza kukubali bila kusoma. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwita mwizi unafika kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa mweka hazina wa kikundi cha kuzikana. Zamani mkopeshaji alishika baiskeli au shamba. Huyu ameshika aibu ya mtu, na aibu haina bei wala haikombolewi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Kama jina la ndugu yako limekufikia kwa njia hiyo, usilisambaze, na usimcheke.

Narudi kwenye daftari. Nilimtafuta wakala mmoja ninayemheshimu, nikamweleza habari ya karanga. Alinyamaza kitambo, kisha akavuta kutoka chini ya meza madaftari manne yaliyojaa, yamefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa ameyaweka akimsubiri mnunuzi wa karatasi. Jioni ile tuliyachoma nyuma ya kibanda chake. Siku iliyofuata alikata kipande cha boksi, akakitoboa dirisha la upana wa mstari mmoja, na sasa mteja anapoweka sahihi haoni waliomtangulia.

Nawaomba mawakala wa Biharamulo na Ngara wafanye hivyo hivyo wiki hii: daftari likijaa na muda wa kulitunza ukiisha, lichomwe, lisiuzwe. Nawaomba watendaji wa kata wasome vifungu vya sheria hiyo kwa sauti kwenye mikutano ya hadhara, na Radio Kwizera, iliyozaliwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, iwafikishie wasiohudhuria. Nawe msomaji, kabla hujalikunja gazeti hili, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifungishe. Ujumbe wa matapeli utume 15040.

(Itaendelea wiki ijayo)