Antena mbili zinazopeana mgongo: Taveta inavyosaka habari za pande zote za mpaka

TAVETA — Juu ya bati kuna fundi aliyeshika bomba la chuma. Sebuleni kuna msichana wa shule aliyekodolea macho runinga. Katikati yao, uani, amesimama mama mwenye nyumba, akipokea maneno ya mmoja na kumpazia mwingine.

"Imekuja?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Ilikuja, imeondoka! Mwambie arudishe kidogo!"

Mchezo huu anaujua kila aliyekulia Afrika Mashariki. Jambo geni Jumapili hii, katika kitongoji kilicho nje kidogo ya mji wa Taveta, ni kwamba antena zinazopandishwa ni mbili, na zinapeana mgongo. Moja inatazama mashariki, kwenye milima ya Taita. Nyingine inatazama magharibi, Moshi, ng'ambo ya mpaka.

Mama huyu hununua mahindi na vitunguu upande wa Himo, Tanzania, na kuviuza Taveta, ambako soko kubwa hukaa Jumatano na Jumamosi. Aliomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa hataki kila mtu sokoni ajue alipoteza kiasi gani. Na alipoteza.

Ijumaa ya Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Yeye alikuwa ameshalipia magunia yake, na habari alizikuta kizuizini asubuhi, gari likiwa limepakiwa. Machi 10 Kenya ililegeza amri ile kwa masharti: waagizaji wajisajili, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwake zilikuwa siku tano za kuchelewa. Mahindi alikuwa amekwisha kuyauza Himo kwa bei ya kutupa.

Mara ya pili ilikuwa Julai 28, 2025, Tanzania ilipotangaza orodha ya biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Kununua mazao shambani kumo katika orodha hiyo. Alikuwa na mazoea ya kuingia hadi shambani kwa mkulima. Amri ilitangazwa Jumatatu. Yeye aliisikia Jumatano, tena kutoka kwa wakulima wenyewe, waliomtaka akanunulie sokoni.

Simu anayo, na makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara anayo matatu. Anasema wiki ile ya 2021 kundi moja liliandika kwamba mpaka umefungwa kwa kila kitu, jingine likasema ni uvumi mtupu, na la tatu lilikuwa linauza viatu. Alichotaka ni kumwona mhusika akisema kwa mdomo wake, kwenye taarifa ya habari ya usiku, ya Kenya na ya Tanzania. Ndiyo maana fundi yuko juu ya bati.

Enzi za analojia Taveta haikuhitaji hangaiko hili. Picha za jirani zilivuka zenyewe, zikiwa na chenga, na watu waliridhika nazo. Nchi nyingi, zetu zikiwemo, zilikubaliana mjini Geneva mwaka 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, kwamba Juni 17, 2015 iwe mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analojia. Tanzania ilitangulia: Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na Moshi ikafuata mwaka 2013. Kenya ilivutana hadi mahakamani, na Februari 2015 Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu kabla ya kurejea kidijitali.

Dijitali haina chenga. Ishara ikitosha, picha ni safi kama iliyo studio. Ikipungua kidogo chini ya kiwango, picha inakatika vipande, inaganda, halafu kioo kinakuwa cheusi. Mtu wa mpakani, aliyezoea kuona nusu picha, anahitimisha kwamba hakuna kitu hewani. Mara nyingi kitu kipo. Kinachokosekana ni kimo, mwelekeo, au waya mzuri.

Fundi wetu alijifunza kazi hii enzi za antena ndefu, na haamini katika miujiza ya dukani. Mawimbi ya UHF yanayobeba runinga za dijitali kwetu yana urefu wa karibu nusu mita, na fimbo za antena hukatwa kwa karibu nusu ya urefu huo, yaani sentimita 25 hivi. Ile antena ya babu yenye fimbo za mita moja na zaidi ilikuwa ya VHF, hata ikiwa bado inang'aa. Kati ya antena zenye umbo la mfupa wa samaki, upande wenye fimbo fupi ndio unaoelekezwa kwenye mnara, na ule wenye kizuio kikubwa unabaki nyuma. Anasema amekwisha kulipwa zaidi ya mara moja kwa kazi ya kugeuza tu antena iliyofungwa kinyume.

Kijiografia Taveta ina bahati yake. Moshi iko kilomita karibu 40 magharibi, na kilele cha Vuria, chenye minara ya mawasiliano, kiko kilomita karibu 70 mashariki, karibu katika mstari mmoja. Vuria inazidi mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na kimo kile kinarusha mawimbi mbali juu ya nyika ya Tsavo. Kwa hiyo Jumapili ile kilichokuja kwanza kilikuwa cha mbali. Antena ya mashariki ilikamata kabla msichana hajamaliza kunywa chai yake. Ya magharibi ilisumbua saa nzima, kwa sababu ya mwembe wa jirani.

Hapo ndipo bomba lilipoongezwa kutoka mita nne hadi sita. Majani mabichi, hasa yakiwa na maji, hunyonya mawimbi ya UHF, na mwembe ule ulikuwa umesimama sawasawa kwenye njia ya Moshi. Lilizuka pendekezo la kukata tawi. Mama alikataa katakata. Maembe yale yanamhusu jirani ambaye ndiye huwalinda watoto wake siku za soko.

Baada ya kuongeza kimo, kilichobaki ni subira. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kutambua badiliko, hivyo anayezungusha antena haraka hupita ishara bila kujua. Fundi alizungusha kidogo, akasubiri, akauliza. Msichana hakuwa akiangalia picha, bali mistari miwili kwenye menyu ya king'amuzi: mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Ubora ndio wa kufuata. Nguvu inaweza kuwa kubwa na bado picha isije.

Halafu likaja swali la kuunganisha antena mbili kwenye runinga moja. Watu wengi hapa huzifunga pamoja kwa kigawanyaji cha bei ndogo. Kifaa hicho hupunguza ishara ya kila antena karibu nusu, na kila antena huleta pia takataka inazookota nyuma yake. Fundi alishusha waya mbili, kila antena na wake, zikakutana sebuleni kwenye swichi ya kubonyeza. Ukitaka Kenya unabonyeza huku, ukitaka Tanzania kule. Jambo moja la kukumbuka: ving'amuzi vingi vikitafuta chaneli vyenyewe hufuta orodha ya zamani. Tafuta upande wa kwanza, kisha ongeza wa pili kwa mkono, masafa moja baada ya mengine.

Kuhusu waya, hapa ndipo ninapoona watu wanapoteza pesa. Waya wa RG-6 wa ohmu 75 hula karibu nusu ya ishara katika mita 20. Mwembamba wa zamani, RG-59, hula zaidi. Anayeweka antena nzuri kisha akaunganisha vipande vitatu vya waya kwa kusokota na gundi ya umeme amejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Busta nayo hufaa ikikaa juu, karibu na antena, kabla waya haujala kitu. Ikiwekwa chini nyuma ya runinga inakuza ishara pamoja na kelele zake, na wauzaji wengi hawakuelezi hilo.

Kwa wasomaji wetu wanaovusha vifaa hivi kwa ajili ya kuuza, soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa. DVB-T2 ni ya antena. DVB-S2 ni ya dishi, na haitasoma antena hata uipandishe Kilimanjaro. Runinga nyingi mpya zina T2 ndani yake na hazihitaji king'amuzi. King'amuzi cha kampuni ya kulipia kimetengenezwa kwa mtandao wa kampuni hiyo, na chaneli zilizofungwa kwa kadi hazifunguki kwa antena nzuri. Kinachovuka mpaka bure ni kile kilicho wazi tu. Pia kila nchi ina mdhibiti wake wa mawasiliano anayeidhinisha aina za vifaa, na kilichoidhinishwa Nairobi hakijaidhinishwa Dar es Salaam kwa sababu hiyo.

Forodhani kuna kosa moja linalojirudia. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha shehena isiyozidi dola 2,000 bila ushuru wa forodha, kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Lakini bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe katika orodha iliyokubaliwa. Mahindi na vitunguu vya mama huyu vinaingia. Katoni ya antena kutoka China haiingii, hata kama umeinunua Nairobi na risiti unayo. Kununuliwa kwetu hakuigeuzi kuwa yetu. Na hata kwa bidhaa zinazostahili, cheti hicho hakiondoi kodi nyingine wala vibali vya afya ya mimea. Niliwahi kuona kijana Holili akibishana nusu saa juu ya jambo hili, na basi lake likaondoka.

Kazi ya usalama huku kwetu huachwa mwisho, au huachwa kabisa. Bomba la mita sita lisisimamishwe mahali ambapo likianguka litagusa nyaya za umeme. Umbali uzidi urefu wa bomba, na uzidi kwa kutosha. Lifungwe kamba za chuma pande tatu. Waya ukishuka ukutani ufanyiwe kitanzi kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye runinga. Bomba lenyewe liunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyopigwa ardhini. Hilo halizuii radi kupiga, ila hulipa chaji njia ya kushuka isiyopita sebuleni.

Fundi alikuwa hajaleta fimbo ya shaba. Aliahidi Jumatatu, na mama akamzuilia sehemu ya malipo hadi hapo, jambo ambalo nililiona la busara kuliko yote ya siku ile. Wakati huo huo aliagizwa achomoe waya zote mbili kila wingu likitanda.

Saa mbili kasorobo jioni ile sebule ilikuwa imejaa: jirani mwenye mwembe, wanawe, na wanawake wawili wauza ndizi kutoka upande wa Holili waliolala Taveta. Msichana alishika zamu ya swichi. Walianza na Kenya. Ilipofika habari za bei ya mafuta, mmoja wa wauza ndizi aliomba wageuze waone na kwao imefika ngapi. Msichana akabonyeza. Kioo kikawa cheusi kwa sekunde tatu hivi, mtu akaguna, kisha picha ikaja. Dakika kumi baadaye ngurumo ilisikika upande wa Kilimanjaro, na mama akainuka kuchomoa waya.