Ila ya Mnyama na Maneno ya Muuzaji

Ndugu mmoja wa pwani ametuletea barua. Alinunua punda wa kuchukulia maji, akaambiwa na muuzaji kuwa ni mpole, hata mtoto mdogo humwongoza. Siku ya pili punda akamuuma kijana wa nyumbani mkononi. Kwa kuwa muuzaji alikuwa safarini, ndugu yetu alimtandika sogi akaendelea kumtumia siku saba, huku akimngoja. Muuzaji amerudi, naye akataa: mnyama umekwisha mtumia, si wangu tena. Fedha zile zilikuwa akiba ya nyumba kwa mwaka mzima, na mwenye barua atuuliza iko wapi haki yake.

Mas-ala haya wanavyuoni waliyazungumza zamani, na mara nyingine mfano wao ulikuwa farasi. Wala si ajabu, kwani ni wanyama wachache waliouzwa kwa maneno mengi kama yeye. Umri wake husomwa menoni, na meno nayo hudanganywa. Huko Uingereza, zama za farasi, walikuwapo wachuuzi waliochimba vishimo katika meno ya farasi mzee, wakaviunguza viwe vyeusi, ili adhaniwe kuwa kijana. Wengine walimtia tangawizi chini ya mkia, akauinua na kurukaruka kama mwenye nguvu nyingi. Na kanuni ya masoko yale ilikuwa mnunuzi ajihadhari mwenyewe: asipopewa ahadi ya wazi, hasara yake.

Sheria yetu haikumtwika mnunuzi mzigo wote. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwaacha ngamia na kondoo bila kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa wana maziwa mengi, na aliyemnunua mnyama kama huyo alimpa hiari, amweke au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Tazama, ndugu msomaji: hapo muuzaji hakutamka hata neno. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake.

Masahaba nao walilifahamu jambo hili kwa upana kuliko sisi. Imepokewa kuwa Jarir bin Abdullah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe kuwa farasi wake ana thamani zaidi, akaipandisha bei mpaka 800. Alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu, naye aliona kuwa muuzaji asiyejua bei ya mali yake ni miongoni mwao. Twakiri kuwa sokoni hatujaonana na mtu wa namna hiyo.

Ama hukumu yenyewe, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameibainisha katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu ya Shafi. Miongoni mwa ila zinazompa mnunuzi haki ya kurudisha ametaja mnyama wa kupanda kutoroka mbio asizuilike, na kuuma. Basi punda wa ndugu yetu ana ila, hapana shaka. Na lau muuzaji angalisema, "Nakuuzia kama alivyo, sina dhamana," neno hilo lisingalimwokoa. Kwa kauli yenye nguvu, humtoa katika ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwani mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na maradhi yake hujificha. Kuuma si ila ya ndani, na aliyekaa na punda hawezi kusema hakukujua.

Lakini haki hii yataka haraka, na hapo ndipo ndugu yetu alipoteleza. Mwenye kugundua ila humrudisha mnyama mara moja kwa kadiri ya desturi, na huacha kumtumia. Muuzaji asipokuwapo, mambo hupelekwa kwa kadhi. Wanavyuoni wamelitia mkazo hata wakasema kuwa akimwacha mnyama na tandiko lake mgongoni, haki yake imebatilika. Aliyesamehewa kumpanda ni yule ambaye mnyama wake ni mkaidi, hakokoteki wala haswagiki, naye yumo njiani kumrudisha. Siku saba za sogi na maji haziingii katika udhuru huo.

Je, mlango umefungwa? Wafafanuzi wa madhehebu husema kuwa mtu wa kawaida akidai kuwa hakujua kwamba kurudisha kwataka haraka, dai lake hukubaliwa, maana jambo hilo huwafichikia wengi. Ama matumizi ya siku saba, hayo yataka kusikilizwa pande zote mbili, wala hatuthubutu kuyahukumu kwa barua ya upande mmoja. Twamshauri amwombe muuzaji wende wote kwa mwanachuoni wanayemridhia. Na muuzaji naye ajue: hata akishinda, dhambi ya kumsifu kwa upole mnyama aumaye ingali shingoni mwake, na kukubali kuuvunja uuzaji kwa hiari, kwa mnunuzi aliyejuta, kuna thawabu.

Kabla ya yote hayo, mwenye barua na avue sogi leo hii, wala asimtumie tena mpaka neno lao liishe.