Jarida la fasihi mtandaoni: tulipime kwa mizani ipi?

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha sita, alinijia jioni moja akiwa na furaha tele. "Shikamoo mjomba. Hadithi yangu imekubaliwa!" Aliituma asubuhi kwa jarida moja la fasihi la mtandaoni, na kabla ya adhuhuri jibu lilikuwa limekwisha kufika. Lilimwita kipaji adimu, kisha likamtaka alipe ada ya kuchapishiwa. Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na sharti kwamba hadithi hiyo itakuwa mali ya jarida milele.

Haifai mzazi akimbilie kusema kuwa yote ya mtandaoni ni takataka. Binyavanga Wainaina wa Kenya alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa andiko lililotoka kwanza mtandaoni. Mwaka 2016, jarida la Jalada liliweka mtandaoni hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kikuyu, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo. Majarida mema yapo. Kinachotakiwa ni kuyapambanua.

Mizani ya kwanza ni watu. Je, wahariri wametajwa kwa majina, na kazi zao wenyewe zinaonekana? Anayehukumu maandishi ya wengine huku amejificha, nani atamhukumu yeye?

Ya pili ni kusoma. Fungua matoleo mawili ya nyuma, usome kila toleo mpaka mwisho. Makosa ya tahajia yakijaa kila ukurasa, fahamu kwamba hakuna aliyehariri. Tazama pia iwapo kazi za miaka iliyopita zingali zikipatikana, au viungo vyake havifunguki tena. Hapo ndipo mzazi atakapojua kama maudhui yanamfaa kijana wake. Lakini awe na insafu: hadithi inayosimulia uovu si lazima iwe inauhimiza.

Ya tatu ni haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi hulindwa tangu inapoandikwa, hata kama haijasajiliwa popote. Aghalabu jarida lenye uadilifu huomba ruhusa ya kuwa la kwanza kuichapisha, kisha haki humrudia mwandishi. Linalodai umiliki wa milele linaomba zaidi ya linavyohitaji.

Ya nne ni fedha, na hapa pana utata. Yapo majarida mazuri yasiyoweza kuwalipa waandishi, na yapo mengine yanayotoza ada ndogo ya kusoma kazi kabla ya kuamua. Ada hiyo hulipwa bila ahadi ya kukubaliwa. Pa kutahadhari ni pale malipo yanapodaiwa baada ya sifa. Jarida la namna hiyo halimtegemei msomaji. Humtegemea mwandishi mwenye kulipa, basi halina sababu ya kumkataa yeyote. Na pasipokataliwa mtu, kukubaliwa hakuna thamani.

Sikumkataza mpwa wangu. Tuliketi pamoja tukasoma matoleo mawili ya jarida lile. Katika hadithi ya tatu alinionyesha mhusika aliyebadilika jina katikati bila sababu. Ya tano iliishia katikati ya sentensi. Akafunga simu, akasema, "Mjomba, hawa hata yangu hawakuisoma."

Aliituma kwingine, kwa jarida lenye wahariri wanaojulikana. Miezi mitatu ikapita kimya. Jibu lilipokuja, lilikuwa la kukataa, na lilikuwa na maelezo mafupi: mwanzo unavutia, bali mama wa mhusika ametoweka hadithini kabla hatujaelewa kwa nini aliondoka.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta mezani, daftari limefunguliwa, anamrudisha yule mama.